Mwali Asiyeinua Macho

Wanawake waliokwenda kumwona mwali wa Semeni walirudi makwao wakimsifu. Walisema hawajapata kuona mtoto mwenye adabu kama yule. Ukiingia chumbani hakutazami. Ukimsalimu anaitikia kwa sauti nzito ya chini, kama mtu ambaye haya imemjaa mpaka kooni. Ukimwambia asogee akupishe mkekani, anashika ukuta na kujivuta taratibu, harukiruki kama wasichana wa siku hizi.

"Mwenzangu, wewe umezaa," alisema mmoja wao mlangoni, akijitanda kanga yake. "Mie wangu nilipomweka ndani alikuwa akichungulia kila tundu kama panya. Huyu wako hata inzi katua juu ya mdomo, hamfukuzi!"

Wenzake wakacheka. Semeni naye akacheka, akawasindikiza mpaka penye magogo ya kuvukia tope. Lakini aliporudi peke yake, lile neno la inzi lilikuwa limemkaa kifuani kama tonge lisiloshuka. Kwa nini mtu asifukuze inzi?

Kijiji chao, Mtundani, kilikuwa nyumba chache zilizojengwa juu ya kijinuko cha udongo katikati ya mikoko, pale maji ya Rufiji yanapokutana na maji ya chumvi. Kondo, mume wa Semeni, alikuwa mkata boriti. Alilala kambini huko mikokoni na kurudi nyumbani kila Ijumaa. Mtoto wao wa pekee alikuwa Zabibu, naye alikuwa ndani tangu mavuno ya mpunga ya mwaka uliopita. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Msichana akivunja ungo huwekwa chumbani, asionwe na mwanamume yeyote, hata baba yake. Hatoki mchana, hasemi kwa sauti, hamtazami mtu usoni. Humo ndani husuka ukili wa mikeka na kufundishwa na somo yake, mpaka siku ya ngoma ya kumtoa. Siku hiyo watu wote humwona, na mara nyingi mume huwa amekwisha patikana. Mume wa Zabibu alikuwa amepatikana, kijana wa Mohoro aitwaye Shaabani, fundi cherehani, mtu wa watu wenye heshima zao.

Somo yake alikuwa Bi Mwanamina, mwanamke mfupi mwenye mkono mwepesi wa kufinya. Alikuwa amewatoa wari wengi, na hakuna hata mmoja aliyerudishwa na mume kwa ukosefu wa adabu. Jambo hilo alilisema mara nyingi.

"Somo," Semeni alimwambia alasiri ile, "mtoto huyu simwelewi. Mbona kama hana nguvu?"

"Nguvu za nini? Anakwenda kulima?"

"Anashika ukuta."

"Wacha ashike. Kuta si zake?" Bi Mwanamina alikuwa akitwanga liwa ya kumsugua mwali, wala hakuacha kutwanga. "Kipindi kile cha mafua aliugua kama sisi sote, akakohoa, akapona. Sasa ndiyo kwanza anakolea. Juzijuzi hapa kaniletea kiburi. Ananiinulia kidevu huyo, ananitazama kwa chini ya kope kama mke wa liwali! Nikamfinya paja. Akarudia, nikamfinya tena. Sasa kidevu kiko kifuani. Wewe badala ya kunishukuru unaniletea mashaka."

Semeni akamshukuru. Ilikuwa kweli kwamba mafua makubwa yalipita visiwani mwaka ule na hakuna nyumba iliyopona. Ilikuwa kweli pia kwamba Zabibu alikuwa ameacha kukohoa. Usiku, baada ya swala, Semeni alikaa juu ya mswala muda mrefu kuliko kawaida yake, lakini hakujua aombe nini, kwa sababu watu wote walikuwa wakimpa hongera.

Siku iliyofuata alikuja Mzee Nassibu, ami yake Shaabani, kupanga siku ya ngoma. Alifika kwa mtumbwi na mwavuli wake mweusi, akakaribishwa barazani, akaletewa kahawa na haluwa. Kwa kuwa mkwe haruhusiwi kumwona mwali, alitaka kuona kazi ya mikono yake. Hivyo ndivyo walivyofanya watu wa huko. Msichana usiyeweza kumtazama, ukautazama ukili wake, ukajua moyo wake umetulia au la.

"Mama Zabibu, hebu tuletee tuone," alisema Bi Mwanamina kwa sauti ya mtu anayejua atakachosifiwa.

Semeni akaingia chumbani. Zabibu alikuwa ameegemea ukuta, miguu imenyooshwa, kope zimeshuka. Semeni alidhani amelala. Akaokota furushi la ukili, akalikunjua kidogo kwenye mwanga wa kitundu cha dirisha.

Mwanzoni ukili ulikuwa umenyooka kama kawaida ya Zabibu, ambaye tangu utotoni mkono wake ulikuwa wa kuonewa wivu. Halafu ulianza kwenda upande. Miyaa miwili, yale majani ya kusukia, ilipita mahali pa mmoja, kisha pakabaki nafasi ya kupita kidole. Mbele zaidi haukuwa ukili tena. Ulikuwa kama kitu kilichosukwa na mtu aliyemo ndani ya mtumbwi unaopigwa na mawimbi.

"Zabibu. Umefanya nini hapa?"

Msichana akafungua mdomo. Maneno yalitoka yakiburutana. "Miyaa... inakuwa mingi, Mama."

"Mingi vipi?"

Nje Bi Mwanamina aliita tena. Semeni akaukunja ukili upya, sehemu mbovu ndani na sehemu nzuri nje, akatoka nao.

Mzee Nassibu hakuwa mtu wa kutazama juu juu. Aliukunjua juu ya goti lake taratibu, akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka vidole vyake vikafika pale palipoharibika. Vikasita. Akaufuata mbele, akaurudia nyuma.

"Ala! Hapa kasuka mtu mwingine?"

Bi Mwanamina alinyoosha shingo, akaona, akageukia birika la kahawa.

"Nimesuka mimi, Baba," alisema Semeni. "Nilikuwa nikimsaidia."

Mzee Nassibu alimtazama, kisha akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Basi tumshukuru Mungu mtoto amechukua mikono ya bibi yake! Ukili huu, Mama Zabibu, hata mbuzi ukimtandikia ataukataa."

Wote wakacheka. Semeni aliinama kuufunga ukili, masikio yakimwaka. Hakuona vibaya kuchekwa. Kilichomtisha ni wepesi ambao uwongo ule ulimtoka mdomoni, maana mtu hadanganyi hivyo isipokuwa anajua kuna kitu cha kuficha.

Ijumaa Kondo alirudi kutoka kambini. Kabla ya kuoga alikwenda kwanza nyuma ya nyumba, kama alivyofanya kila Ijumaa tangu binti yake awekwe ndani. Alikuwa hajamwona mwaka mzima. Lakini walikuwa na salamu yao. Baba angegonga ukuta kwa mpini wa shoka, na mtoto angegonga kutoka ndani mahali palepale, udongo kwa udongo, kana kwamba wameshikana mikono. Bi Mwanamina aliijua salamu hiyo na kujifanya haijui.

Semeni alikuwa chumbani na bakuli mkononi. Asubuhi ile alikuwa amekwenda kwa mwalimu wa Kurani kuomba kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji. Zabibu alikuwa amelala usingizi usio na sura ya usingizi. Ukimwita anaitika, ukinyamaza anazama tena.

Kondo akagonga.

Zabibu akasikia. Akanyanyua mkono, nao mkono ukaondoka kama kitu kisicho chake, ukatetemeka hewani, ukapita pale pa kugonga, ukaangukia mbali upande wa mlango. Akajaribu tena. Safari hii ukapiga chini, karibu na sakafu.

Nje Kondo alishusha shoka.

"Mama Zabibu," Kondo aliita. "Humo ndani amo nani?"

"Amo mwanao."

"Mbona amegonga kule?"

Semeni akamwinua Zabibu, akamwegemeza kifuani, akasoma Bismillahi na kumnywesha kombe. Binti yake alijaribu kumeza. Koo lilipanda, likashuka, kisha maji ya manjano yakatoka puani, yakatiririka mpaka kwenye kidevu. Msichana akakohoa kikohozi dhaifu kisichotoa kitu, midomo ikaingia rangi ya majivu.

Bi Mwanamina, aliyekuwa mlangoni, akarudi nyuma hatua moja. "Pepo," alisema. "Umeona? Amekataa maneno ya Mungu. Huyu ana kitu kichwani, anataka apungwe."

Semeni alitazama yale maji ya manjano juu ya kanga ya mwanawe. Kwa kitambo aliamini. Kisha, bila kujua kwa nini, akanyoosha mkono kwenye mtungi, akachota maji matupu kwa kata, akamtia Zabibu mdomoni kidogo sana. Yakatoka puani vilevile.

"Haya hayana aya, Somo," alisema. "Haya ni ya mtungini. Mwanangu hawezi kumeza."

Barazani walibishana kwa sauti ndogo, kwa sababu Mzee Nassibu alikuwa bado kijijini akingoja siku ya lori la Nyamisati.

"Mwali hatolewi kabla ya ngoma yake," Bi Mwanamina alimwambia Kondo. "Wanaume wakishamwona, amekwisha toka. Umekosa ngoma, umekosa mkwe, na mie umenivunja mkono. Na uzazi wake ukifungika je? Nani atajibu?"

Kondo alikuwa ameshika kichwa. Alikuwa mtu wa misuli mikubwa, lakini mbele ya wanawake waliojua mambo ya wanawake alikuwa mdogo kama mtoto wa chuo cha Kurani. "Tungoje basi kesho," alisema. "Labda Mungu..."

"Mungu hajasema tungoje," alisema Semeni. "Nilikuwa nikimwomba usiku nikidhani hanijibu. Alinijibu kwa inzi, nikacheka. Akanijibu kwa ukili, nikauficha. Na wewe kakujibu leo ukutani. Sasa unataka akuambie kwa kitu gani kingine, Baba Zabibu? Kwa sanda?"

Kondo akanyanyuka, akaenda kutafuta mtumbwi.

Walimfunika Zabibu kwa kaniki toka utosini hadi nyayoni. Bi Mwanamina hakukubali aende bila yeye, na ni yeye aliyeshika pindo la kaniki mtumbwini, akilichomeka upande huu likifunuka upande ule. Alfajiri, huko bandari ya Nyamisati, walikuta lori limesimama pale zinapopakiwa boriti. Utingo, kijana mwenye kofia ya kijeshi, aliutazama mzigo ule mweusi uliobebwa kitandani.

"Maiti hatupakii. Tajiri hataki."

"Si maiti, ni mwali," alisema Kondo.

"Mwali? Mwali gani wa kubebwa? Kashiba sana?" Wapakiaji wakacheka. Kondo, ambaye siku nyingine angemshika mtu shingo, alimsihi kwa maneno ya upole, akamwita bwana mkubwa kijana ambaye yeye Kondo alimzidi miaka ishirini. Mwisho utingo akawaonyesha nafasi juu ya boriti, nyuma, kwenye vumbi. Mzee Nassibu, aliyewatangulia kwa mtumbwi wake, alikuwa amekwisha kaa huko na mwavuli wake. Aliwaona. Aliona na kile kilichofunikwa. Akageukia upande wa dereva.

Barabara ilikuwa mashimo matupu. Jua lilipanda. Semeni alikuwa amekiweka kichwa cha mwanawe mapajani, midomo yake ikirudia Ya Latifu, Ya Latifu, mpaka haikuwa tena sala ya maneno bali ya pumzi tu. Ndipo akasikia sauti chini ya kaniki. Ilikuwa kama maji yanayochemka ndani ya chungu kilichofunikwa.

Akafunua. Bi Mwanamina akafunika.

"Somo, anakoroma mate."

"Kuna wanaume!"

"Nasema hapumui!"

"Semeni, mkweo yuko pale! Yuko pale!"

Walivutana ile kaniki juu ya gari linaloruka, wanawake wawili watu wazima, na wapakiaji wakageuka kutazama. Semeni akaivuta kwa nguvu zote. Kaniki ikachanika. Uso wa Zabibu ukatoka juani, mweupe kwa kukaa ndani, mdomo wazi, kope zimeshuka, povu shavuni, mbele ya wanaume wote waliokuwa juu ya lori. Semeni akamlaza ubavu, akamtia kidole mdomoni, mate mazito yakamwagika juu ya boriti. Zabibu akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo. Akavuta nyingine.

Hakuna aliyecheka. Utingo alivua kofia yake, akabaki nayo mkononi bila kujua kwa nini ameivua.

Kisha kivuli kikawaangukia. Mzee Nassibu alikuwa ameukunjua mwavuli wake na kuuelekeza kwao kwa mkono ulionyooshwa nyuma. Uso wake ulitazama upande mwingine, kwenye miti. Aliushika hivyo mpaka Kibiti, na mkono ulipochoka akaubadili.

Zahanati ya Kibiti ilikuwa chumba kimoja na baraza, na ukutani picha ya Malkia iliyoanza kufifia kwa jua. Dresa, msaidizi wa tabibu, aliitwa Maneno. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kaptula nyeupe na uchovu wa mtu aliyeona vidonda tangu alfajiri. Alimsikiliza Kondo, akampima Zabibu homa, akasikiliza kifua.

"Homa hana," alisema. "Sasa sikilizeni. Gari la serikali linakwenda Dar es Salaam, na dereva wake anakunywa chai pale dukani. Naweza kumpakia mgonjwa mmoja na wazazi wake. Lakini mwezi uliopita nilimpeleka mtu, kufika kule wakaona ni mambo ya pepo tu, nikakaripiwa kama mtoto. Nataka nijue. Binti, nitazame."

Zabibu hakutazama. Kidevu kilikuwa kifuani.

"Binti. Fuata kidole changu kwa macho."

Kidevu hakikusogea.

"Mwali hatazami wanaume," alisema Bi Mwanamina kwa ukali.

"Mama, simtaki mke. Nauliza kama hawezi au hataki." Maneno akapiga magoti, akaona paja la msichana chini ya kanga iliyojikunja. Palikuwa na alama za kufinywa, nyingine mbichi. Akasimama. "Nikimshurutisha mimi atazidi kuinama. Mmemfundisha sawasawa. Nani alimfunga hivi?"

Huko dukani mtu aliita jina la dereva.

Semeni alimgeukia Bi Mwanamina. Wote wawili walijua jambo ambalo dresa hakulijua. Mwali huambiwa siku ya kwanza kwamba macho yake yamewekwa kwa somo, na siku ya ngoma somo mwenyewe, mbele ya wanawake, humshika kidevu na kumrudishia. Mama hawezi. Baba hawezi. Zabibu alikuwa mtoto mtiifu, na hata katika usingizi ule mzito alikuwa akishika alichoambiwa.

"Mfungue, Somo."

"Bila ngoma?" Sauti ya Bi Mwanamina ilikuwa ndogo. "Bila wanawake wenzangu? Kwenye chumba cha dawa, mbele ya mwanamume mwenye kaptula?"

"Nakupigia magoti." Na Semeni akapiga magoti kweli, juu ya sakafu yenye harufu ya dawa, watu wa barazani wakimtazama kupitia mlango. "Kama ni aibu, niandikie mimi. Kama ni dhambi, nitaulizwa mimi. Mfungue mwanangu."

Injini ya gari ikanguruma.

Bi Mwanamina alikwenda taratibu mpaka kitandani. Akakaa kando ya Zabibu. Mkono ule uliozoea kufinya ukainuka, ukashika kidevu.

"Zabibu," alisema. "Mie somo yako. Macho yako nilikuwa nayo mimi. Nimekurudishia. Tazama, mwanangu. Mtazame umtakaye."

Msichana akainua kidevu. Akakiinua juu, juu zaidi, kichwa kikalala nyuma kama cha mtu anayetafuta kitu darini, maana kope zilikuwa hazifunguki na alikuwa akitafuta mwanga kwa chini yake. Ndicho kile kidevu. Ndicho kile kiburi. Bi Mwanamina alikitambua, na mkono wake ukaanguka mapajani.

Maneno akainua kope moja kwa kidole gumba, akapitisha kidole kingine kulia. Kichwa kikageuka. "Usigeuze kichwa. Macho tu." Akakishika. Akapitisha kidole kulia, akapitisha kushoto. Macho yakabaki katikati, wazi na makubwa, kama yamepigiliwa. Kilichotembea ndani yake ni machozi tu.

"Gusa kidole changu. Sasa gusa pua yako."

Mkono ukatoka, ukayumba, ukakipita kidole. Ukarudi, ukapiga sikio.

"Yatosha," alisema Maneno. Akakimbia mlangoni, akapiga mluzi mkali kumzuia dereva.

Zabibu alikuwa amekigeuza kichwa chake kwa mama yake. "Mama," alisema kwa ulimi ule mzito, "mko wawili. Tangu yale mafua... kila kitu ni viwili. Nilidhani ndiyo... inavyokuwa mtu akikaa ndani."

Katika hospitali kubwa ya Dar es Salaam walimtia mpira mwembamba puani, wakamlisha maziwa kwa huo. Siku za mwanzo hakuamka kabisa. Muuguzi alimgeuza ubavu huu na ubavu ule, na kila aliposhika kifua cha msichana kusikiliza, Semeni alisimamisha tasbihi yake mpaka muuguzi aondoke.

Bwana Mganga alikuwa Mwingereza mzee asiyependa kudanganya watu. Alisema kwa kinywa cha mkalimani kwamba mafua yalikwisha zamani, lakini mwili ulipokuwa ukipigana nayo, huenda ulikosea adui. Ukashambulia shina la ubongo, pale panapoongoza macho, ulimi, usingizi, na mizani ya mikono na miguu. Ni ugonjwa wa nadra. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma tu habari zake.

"Dawa yake?" aliuliza Kondo.

Mkalimani aliuliza, akasikiliza, akasita. "Anasema hana dawa yake. Anasema kazi ni kulinda pumzi na kumlisha, mpaka uvimbe uondoke wenyewe. Anasema pumzi ikishinda juma hili, wengi hupona."

"Na isiposhinda?"

Mkalimani hakulitafsiri swali hilo.

Semeni alirudi kwenye tasbihi yake. Alikuwa amesali maisha yake yote na kudhani anajua kuomba. Sasa aliona kwamba siku zote alikuwa akimwambia Mungu mambo anayoyataka, kama mtu anayemtuma mtoto dukani. Katika juma lile hakumtuma. Alikaa naye tu, kwenye sakafu ya baraza ya hospitali, akiihesabu kila pumzi ya mwanawe kuwa amepewa.

Pumzi ikashinda. Zabibu akaanza kuamka, kwanza kwa saa chache, kisha mchana kutwa. Mpira ukatolewa, akameza uji mzito. Wakamsimamisha, akaweka miguu mbalimbali kama mtoto anayeanza kutembea, akayumba, akaangukia mikononi mwa baba yake. Baba akacheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu alikuwa hajamshika tangu mwaka jana. Macho peke yake ndiyo yaliyokawia.

Siku moja Bi Mwanamina aliwasili kutoka Mtundani na kikapu cha miyaa na habari za nyumbani. Aliwaambia kwa mafungu, akitazama sakafu. Mzee Nassibu alikuwa amemwuliza kila apitaye kama mtoto ni mzima. Mzee Nassibu pia alikuwa ametuma neno kwamba Shaabani ataoa kwingine, huko Umwe. Yote mawili yalikuwa kweli.

"Na watu wanasemaje?" aliuliza Semeni.

"Wanasema nimemtoa mwali bila ngoma." Bi Mwanamina alivuta pumzi. "Naitika tu. Nawaambia ndiyo, nimemtoa."

Semeni alikuwa akimlisha Zabibu uji. Msichana aliegemea mto, kope zimeinuka nusu. Bi Mwanamina akasogea kumsalimu, na Zabibu, bila kuinua kidevu na bila kugeuza kichwa, akamtazama. Macho yalitoka kwenye uji, yakakwama kidogo njiani, yakamfikia somo yake, yakatulia usoni pake. Hayakuwa macho ya adabu. Yalikuwa makavu, ya moja kwa moja, ya mtu anayekumbuka paja lake.

Mkono wa Bi Mwanamina ulishtuka kwa mazoea, ukanyanyuka. Halafu ukashuka, ukavuta shuka kumfunika msichana miguu. Safari hii ni yeye aliyeinamisha uso.

Macho yakamwacha. Yakasafiri tena, kwa shida, upande wa pili wa kitanda.

"Mama," alisema Zabibu. "Leo uko mmoja."

Semeni aliweka bakuli chini, kwa sababu uji ulikuwa umeanza kumwagika.